Kumpiga na Kupigana: Kiunzi cha Hoja katika Hotuba za Siasa

Wajengao nyumba za miti na udongo wanajua kwamba nyumba haianzi na udongo. Kwanza husimikwa nguzo, kisha hufungwa fito, ndipo hukandikwa udongo, na mwisho kabisa hupakwa chokaa. Mpita njia husifu chokaa. Lakini aliyeamua mlango uwe upande gani na chumba kiwe na upana gani ni yule aliyefunga fito, naye kazi yake haionekani tena.

Hotuba ya siasa hujengwa vivyo hivyo. Takriri, tashbihi, methali na mzaha ni chokaa yake. Nyuma ya chokaa hiyo kuna kiunzi, yaani uteuzi wa maneno uliokwisha kuamua, kabla ya hoja yoyote kutolewa, jambo linalozungumzwa ni la namna gani, nani mtenda, nani mtendwa, na ni swali lipi litakalokosa mlango wa kuingilia. Msikilizaji hushawishika kwa kiunzi zaidi kuliko kwa chokaa, kwa sababu chokaa anaiona na anaweza kuikataa.

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki chokaa. Tunampa mwanafunzi hotuba, tunamwambia aorodheshe tamathali za semi na mbinu nyingine za kisanaa, kisha tunasahihisha. Uhakiki wa namna hiyo una manufaa yake, ila haumtoshi kijana atakapokuwa amesimama uwanjani, juani, akimsikiliza mtu anayetaka kura yake, mali yake au maisha yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia nyingine ya kusoma hotuba. Mifano yangu inatoka Uganda, nchi ambayo kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika humo kama lugha ya amri za kambini. Nitaanza na maneno mawili ya Idi Amin, kisha nitaigeukia hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere dhidi yake, hotuba ambayo wengi wetu tunaipenda, na pengine kwa sababu hiyo hatujaihakiki ipasavyo.

Askari wa maneno machache

Jeshi lilimpindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, wakati yeye yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Redio ya Uganda ilisoma orodha ya sababu 18 za mapinduzi. Kisha Amin akalihutubia taifa, akajieleza kuwa yeye si mwanasiasa bali ni askari kwa kazi yake, na kwa hiyo ni mtu wa maneno machache.

Yafaa tuyatazame maneno hayo kwa makini. Ndani yake mna jozi mbili za mambo yanayopingana: siasa na uaskari, maneno na vitendo. Kumpindua rais ni tendo la kisiasa kuliko yote, lakini mtendaji wake amejitoa nje ya siasa kwa sentensi moja. Tangu hapo, kila atakayeuliza kwa nini bunge limevunjwa, au askari watarudi lini kambini, huyo ndiye afanyaye siasa. Ndiye mwenye maneno mengi. Uchache wa maneno umegeuzwa kuwa ushahidi wa ukweli, ingawa orodha ya sababu 18 si fupi hata kidogo.

Watu wengi wa Kampala walishangilia barabarani. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na malalamiko ya haki juu ya utawala uliopita, na hapo pana fundisho letu la kwanza: kiunzi hakisimami hewani. Nguzo zake huchimbiwa katika malalamiko ya kweli, na ndiyo maana ni vigumu kuzing'oa.

Ng'ombe na mkamuaji

Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na askari katika kambi ya Tororo, Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza hawana budi kuondoka nchini. Muda waliopewa ulikuwa siku 90. Kampeni hiyo ikaitwa vita vya uchumi, na usemi wake uliorudiwa sana ulikuwa kwamba Waasia walikuwa wakimkamua ng'ombe bila kumlisha.

Katika nchi yenye wafugaji wengi usemi huo haukuhitaji ufafanuzi. Nchi ni ng'ombe, Waasia ni wakamuaji, na sisi wengine ndio wenye ng'ombe. Humo mna ukweli fulani, kwani biashara na viwanda vingi vilikuwa mikononi mwa jamii ndogo, kwa mpango uliowekwa tangu enzi za ukoloni. Lakini tazama wasiokuwamo. Hayumo Mwasia aliyezaliwa Kampala na kuuchukua uraia wa Uganda. Hayumo muuza duka maskini wa kijijini, ambaye maziwa yake hayakujaza hata kikombe. Hayumo kibarua Mwafrika wa viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi. Tena halimo swali ambalo mfugaji yeyote angeliuliza mara moja: mkamuaji akishafukuzwa, nani atamlisha ng'ombe?

Neno "vita" nalo lilifanya kazi yake. Katika biashara kuna hesabu, deni na risiti. Katika vita kuna mateka na nyara. Aliyekabidhiwa duka lililoachwa na mwenyewe hakuonekana kuwa amepokea mali isiyo yake, bali alionekana mshindi. Maduka mengi yaliishia mikononi mwa maofisa wa jeshi na watu wao. Sukari na sabuni zikaadimika. Ng'ombe akakauka maziwa.

Wananchi hawakuwa na redio ya kujibia wala jukwaa la kusimamia. Walikuwa na Kiswahili cha mitaani. Matajiri wapya waliotokana na maduka yale wakaitwa "mafuta mingi", na biashara ya kificho iliyofuata ikajulikana nchi nzima kwa neno "magendo". Mwalimu akilikuta lile la kwanza katika insha atalitia wino mwekundu na kuandika pembeni "mafuta mengi". Kisarufi atakuwa amefanya sawasawa. Lakini ajue kwamba ameusahihisha mmojawapo wa uhakiki mkali kabisa uliofanyiwa hotuba za wakati ule. Jukwaa lilisema ng'ombe hakulishwa. Mtaa ukajibu kwamba aliyelishwa tunamjua, na mafuta yanamtiririka. Hivyo ndivyo kiunzi kinavyobomolewa. Hakibomolewi kwa kukikana tu, kwa maana anayekana kwamba Waasia hawakumlisha ng'ombe amekwisha kukubali kwamba kuna ng'ombe. Hubomolewa kwa kuleta picha nyingine, yenye watu waliofichwa na ile ya kwanza.

Hotuba tunayoipenda

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Tanzania. Yaliua raia, yakapora mifugo na mali, na serikali yake ikatangaza kwamba eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera limekuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alitangaza vita. Mimi nilizaliwa baada ya vita hivyo, na hotuba yenyewe naijua kwa kanda tu. Lakini hata kwa kanda, sauti ile haina haraka na haina woga.

Kila msomaji wa taarifa hii anayakumbuka maneno matatu ya hotuba hiyo: uwezo, sababu na nia. Mhakiki wa chokaa ataona takriri, ataona utatu wa maneno unaopendeza masikioni, ataishia hapo. Sisi tumtafute mfunga fito.

Ufito wa kwanza ni mpangilio wa sentensi. Msemaji hakusema "tuna uwezo wa kumpiga". Alitanguliza nomino na kukiacha kitenzi mwisho: uwezo wa kumpiga tunao. Kwa Kiswahili, nomino ikitangulizwa hivyo huwa tayari imo katika mazungumzo, ni kana kwamba msikilizaji ameuliza kimoyomoyo, "Je, tunaweza?" naye anajibiwa. Hotuba imeitambua hofu ya watu bila kuitaja, na imeijibu bila kuibishia. Tena kila kifungu kinakomea kwenye kitenzi kinachoanza kwa "tu-". Rais hasimami peke yake mbele ya adui. Kila kituo kinawakuta wasikilizaji wote wamesimama naye.

Ufito wa pili ni herufi moja tu, kiambishi "-m-". Kumpiga, tutampiga: adui ni mtu mmoja. Uganda ilikuwa na jeshi, na jeshi lile lilikuwa na maelfu ya vijana wa makabila mbalimbali, wengine wao wakipelekwa bila kujua waendako. Wote wamefunikwa na herufi moja. Baadaye magazeti na redio za Tanzania zikamwita Amin "nduli", na watu hulikumbuka sana neno hilo kwa ukali wake. Kwa maoni yangu lilikuwa chokaa juu ya ukuta uliokwisha simama, kwani kiambishi kilikuwa kimeshamtenga mtu huyo na wengine wote.

Ufito wa tatu ni kauli ya kitenzi. Kiswahili kina "kupiga" na kina "kupigana". Kupigana kunahitaji wawili, na kila mmoja hupata jeraha lake. Kupiga kuna upande mmoja: mzazi humpiga mtoto mtukutu, wenye mji humpiga mwizi. Kwa kuacha "-ana", msemaji aliiondoa vita katika fungu la vita, akaiingiza katika fungu la adhabu. Methali yetu ya tembo na nyasi imejengwa juu ya kupigana. Nyasi huumia kwa sababu tembo ni wawili. Katika kumpiga hakuna tembo wawili, na kwa hiyo nyasi hazionekani.

Ufito wa nne ni kitenzi chenyewe. Angeweza kusema "kumtoa", yaani kumtoa Kagera. Kumtoa kunaishia mpakani. Kumpiga hakuna mpaka. Kwa sababu hiyo, majeshi ya Tanzania yalipovuka kuingia Uganda mwanzoni mwa 1979, kitenzi cha mwezi Novemba kilikuwa bado kinatosha. Wananchi waliokwisha kukikubali hawakuwa na haja ya kushawishiwa upya. Na walipokuwapo marafiki waliopendekeza suluhu, Mwalimu aliwaomba waache maneno hayo. Ndani ya kiunzi chake ombi hilo ni la haki kabisa, kwa sababu suluhu ni ya wanaopigana.

Swali la mwanafunzi

Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu hotuba hiyo kwa furaha, nikiwaonyesha takriri zake, mpaka siku moja mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni Masaka akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, kama aliyepigwa ni yeye, mbona mji uliobomolewa ni wetu?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Masaka ulitekwa mwezi Februari 1979, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa kwa mizinga na baruti. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Na yule mmoja aliyebebwa na kiambishi "-m-" hakupigwa hata kofi: alikimbia, akaishi ugenini miaka mingi, akafa Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003. Waliopigwa ni wale ambao kiambishi hakikuwataja. Na upande wa pili, makaburi ya askari wa Tanzania yaliyoko Kaboya mkoani Kagera yanashuhudia kwamba kulikuwa na kupigana. Vita vilipokwisha, Watanzania wakaombwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na shida ikadumu kupita miezi hiyo. "-Ana" iliyoachwa nje ya kitenzi ilirudi kudai haki yake.

Je, basi, maneno ya Nyerere na ya Amin ni mamoja? La, hasha. Kiunzi si uongo. Hakuna awezaye kusema bila kiunzi, kama vile hakuna awezaye kujenga bila fito. Uvamizi wa Kagera ulikuwa wa kweli, na waliouawa walikuwa watu wa kweli. Tena tofauti kubwa iko palepale katika sarufi. Usemi wa ng'ombe uliwakusanya watu wengi wasiofanana, ukawatia wote katika hatia moja. Kiambishi "-m-" kilimtoa mmoja miongoni mwa wengi, kikawaacha wengine wote nje ya hatia. Fikirini ingekuwaje kama kingesemwa "kuwapiga". Waganda waliokimbilia Tanzania, waliopigana bega kwa bega na jeshi lake, wangeingia wapi? Mlango waliopitia ulifunguliwa na herufi moja. Kampala ilipoanguka, watu wakawapokea askari wa Tanzania kwa jina la "bakombozi": mzizi wa Kiswahili umevishwa kiambishi cha Kiluganda. Nadhani hilo ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyoingia Buganda siku zile bila kuogopwa.

Lakini haki hiyo haiondoi upungufu. Ikiwa ubaya ni mtu mmoja, kuondoka kwake kunapaswa kuwa dawa. Mambo hayakwenda hivyo. Yusufu Lule alitawala siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukaleta mabishano, na mabishano yakazaa vita vya msituni vya Luwero. Ubaya ulikuwa umeota mizizi katika jeshi, katika biashara na katika mazoea ya kutawala, na hayo yote hayakuwa na nafasi ndani ya "-m-". Hata majina yanatuonyesha hivyo. Tanzania huviita vita hivyo vita vya Kagera, jina linalosema tulilinda chetu. Uganda huitwa vita vya ukombozi, jina linaloahidi kwamba baada yake watu watakuwa huru. Jina la kwanza lilitimizwa mpakani. La pili liliacha deni.

Kazi ya darasani

Baada ya swali lile nilibadili namna ya kufundisha, na ninapenda kuwashirikisha walimu wenzangu. Kwanza, nawataka wanafunzi wabadilishe neno moja tu la hotuba na kuisoma tena kwa sauti. Badala ya "kumpiga" waweke "kuwapiga", kisha "kupigana naye", kisha "kumtoa". Mambo niliyohitaji saa nzima kuyaeleza huyasikia kwa masikio yao kwa dakika chache. Pili, nawauliza ni nani aliyekuwapo kwenye jambo lenyewe lakini hayumo katika sentensi. Tatu, nawauliza: maneno haya yakikubaliwa, gharama atailipa nani, na je, ametajwa?

Kuna zoezi la nne, nalo hutuchekesha kidogo. Siku hizi maneno yale matatu yanasikika kila mahali katika umbo lililofupishwa: nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Husemwa kabla ya mechi ya mpira, husemwa kwenye kampeni za uchaguzi, na kila msemaji huyapanga apendavyo. "Kumpiga" imedondoka. Chokaa imebaki bila ukuta, na sasa inapakwa popote. Nawauliza wanafunzi: nia ya nini? Uwezo wa nini? Mara nyingi msemaji mwenyewe hakusema, na umati ulishangilia bila kujua umekubali nini.

Huenda wenzangu watasema kwamba kuihakiki hivyo hotuba ya mtu tunayemheshimu ni kukosa adabu. Mimi naona kinyume. Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu, na heshima apasayo kupewa mwalimu ni kusoma maneno yake kwa uangalifu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuyapima maneno ya adui peke yake hajafundishwa kupima; amefundishwa kuchagua upande. Siku atakapojiwa na mwovu mwenye sauti ya mtu mwema, hatakuwa na kipimo.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1973 Kiswahili kilifanywa lugha ya taifa kwa amri ya Amin, na kwa watu wengi amri na lugha vikawa kitu kimoja. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto watakaoingia madarasani mwetu wana babu na bibi walioamrishwa kwa lugha hii walale chini barabarani. Hatutawaondolea hofu hiyo kwa kuwasifia utamu wa Kiswahili. Tuwaonyeshe kwamba lugha iliyotumika kuwaamrisha wazee wao ina pia zana za kuihoji amri: ina "-m-" na "-wa-", ina kupiga na kupigana, na ina mlango wa kila swali ambalo mwenye jukwaa asingependa liulizwe. Yule mwanafunzi wa Masaka aliuliza swali lake kwa Kiswahili.